Dhoruba ya jua haigusi salio lako

Kila baada ya miezi michache ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale hatari kutoka sayari ya Mars itapita karibu na dunia, kwa hivyo zima simu na uiweke mbali na mwili. Ndani yake hutajwa NASA, BBC na hata televisheni ya Singapore ili uonekane wa kweli. Umezunguka dunia miaka mingi sasa na haujawahi kuwa kweli hata usiku mmoja. Siku hizi umepata mdogo wake: eti dhoruba ya jua itazima intaneti duniani kote, na wengine huongezea kwamba pesa zilizo kwenye simu zitaenda nayo, kwa hivyo toeni zote mapema.

Sisi ni watu wa malipo, hatusomei nyota. Lakini huo wa pili umeingia jikoni kwetu, na tungependa kuujibu vizuri badala ya kusema tu "puuzeni uvumi". Mtu wa Keroka au Nyamaiya anayeuliza kama pesa yake iko salama anastahili jibu lenye nyama.

Maoni yetu ni haya. Jua linaweza kuvuruga redio na GPS, tena hapa kwetu karibu na ikweta kuliko wengi wanavyojua. Shilingi yako haliwezi kuifuta. Pesa zikipotea wakati wa vurugu za mtandao, mara nyingi zinapotea kwa sababu ya haraka ya mwenyewe, au kwa sababu kuna mtu ameitumia hiyo haraka.

Tuanze na lililo kweli, kwa sababu dhoruba za jua zipo.

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na mwanga wake hutufikia kwa dakika nane. Mara kwa mara hulipuka usoni pake. Kuna mlipuko unaotoa miale inayofika kwa dakika hizo hizo nane, na kuna wingu zito la chembe zenye umeme na sumaku, ambalo huchukua siku moja hadi tatu njiani. Milipuko hii huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mzunguko tulio nao ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika kwenye kipindi chake cha juu.

Kwa nini redio zinahusika? Juu ya hewa tunayopumua, kuanzia kilomita 80 hivi kwenda juu, kuna tabaka linaloitwa ayonosfia. Hewa ya huko ni nyembamba sana na mwanga wa jua umeitia umeme. Wazee wetu wanalifahamu hata kama hawakuambiwa jina lake. Kumbuka redio ya betri iliyoning'inizwa ukutani, habari za jioni za Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Deutsche Welle, sauti ikija, ikienda, ikirudi na mluzi. Hayo yalikuwa masafa mafupi: wimbi linatoka Ulaya, linagonga ayonosfia kama mpira unavyogonga ukuta, linashuka hadi Kisii. Ukuta ukitikisika, sauti nayo inatikisika. Mlipuko mkubwa wa jua ukitokea mchana, ukuta huo hugeuka sifongo, ukalinyonya wimbi lote. Septemba 2017, wakati kimbunga Irma kikipiga visiwa vya Karibiani, jua lililipuka na redio za masafa mafupi zilizotegemewa na waokoaji zikazimika kwa muda. Jambo kama hilo linaweza kumuua mtu, na hatulichezei.

GPS nayo hupita humo humo. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu, na kazi yao kubwa ni kutuambia saa. Simu yako hupima wimbi limechukua muda gani kufika, kisha inakadiria uko wapi. Saa ikikosea kwa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, umbali unakosewa kwa mita 300. Ayonosfia ikivimba, wimbi huchelewa kidogo, na kale kadoti ka buluu kwenye ramani kanahama barabara.

Sasa hapa ndipo Kisii na Nyamira zinaingia. Watu hudhani dhoruba hizi ni shida ya nchi za baridi, Canada na wenzake, maana huko ndiko mbingu hung'aa kijani na ndiko, Machi 1989, jimbo la Québec lilikaa saa tisa bila stima. Ni kweli kwa upande wa stima. Kwa upande wa GPS, ukanda wa ikweta una taabu yake ya pekee, na haihitaji hata dhoruba. Mstari unaoitwa ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, kwa hivyo Kenya nzima iko ndani ya ukanda huo. Jua likizama, sehemu ya chini ya ayonosfia hupotea haraka huku ya juu ikiinuka, na mapovu hupanda ndani yake kama uji unaoanza kuchemka. Wimbi la setilaiti likipita kwenye povu hilo, linameremeta na kukatika. Hutokea zaidi kati ya saa moja usiku na saa sita usiku, katika miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua limechangamka.

Kwa hivyo bodaboda wa Suneka ambaye ramani yake inamrusha hadi shamba la jirani saa mbili usiku mwezi Oktoba hajarogwa. Ingawa, tuseme ukweli, mara nyingi zaidi ni bonde, ni paa la mabati, au ni simu ya bei rahisi. Simu nzuri za sasa husikiliza setilaiti za Ulaya, Urusi na China pamoja na zile za Marekani, na povu moja haliwezi kuziba zote kwa mpigo.

(Kando kidogo: kama pikipiki yako ni ya mkopo na imefungwa traka, kadoti kamoja ka usiku kanakoonyesha umevuka mpaka wa kaunti si ushahidi wa kutosha wa kumnyang'anya mtu chombo. Na kwa sababu huku kwetu ploti ya futi 50 kwa 100 inaweza kugombanisha ndugu kwa miaka 20, tafadhali msipime mpaka kwa programu ya simu. Simu inakosea kwa mita kadhaa hata siku jua limetulia. Mwiteni mpimaji mwenye leseni na vifaa vyake.)

Turudi kwa pesa. Ukiwa Nyansiongo umtumie mtoto aliye chuoni Eldoret shilingi 500, hiyo pesa inapita wapi? Simu inazungumza na mnara, au busta kama wengi tunavyouita, ulio kilomita chache tu kutoka kwako. Kutoka hapo ujumbe unaenda mnara kwa mnara kupitia yale masahani meupe, au kwa waya wa faiba uliozikwa kando ya barabara, hadi kwenye kompyuta zinazotunza daftari. Daftari linapunguza 500 kwako, linaongeza 500 kwake, kisha meseji mbili zinarudi. Kwa kawaida hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo ujumbe unapanda mbinguni. Wimbi la simu linakimbia karibu na ardhi, chini kabisa ya ayonosfia, na mapovu ya kule juu hayaligusi. Ni vivyo hivyo kwa redio ya FM unayosikiliza kwa Kigusii asubuhi. Ikikwaruza, tafuta sababu karibu, usimsumbue jua.

Kuna sehemu moja tu ambapo setilaiti inaingia kimyakimya, nayo ni saa. Minara mingi hurekebisha saa zake kwa GPS ili isikanyagane. GPS ikipotea, saa iliyo ndani ya mnara huendelea yenyewe kwa usahihi kwa masaa kadhaa, na mapovu ya jioni huisha kabla ya hapo. Kompyuta za malipo nazo hupata saa kutoka vyanzo zaidi ya kimoja. Ile saa unayoiona kwenye meseji ya uthibitisho inatoka kwenye daftari, haitoki kwenye simu yako, ndiyo maana hata simu yako ikidhani ni mwaka 2010, meseji inasema kweli.

Na daftari lenyewe? Halielei hewani. Limeandikwa kwenye mashine, na nakala zake ziko mahali zaidi ya pamoja. Mtandao ukikatika kati ya Nyamira na Nairobi, kilichokatika ni barabara. Benki haijaungua. Pesa imekaa pale pale ilipokuwa dakika moja kabla.

Kuna kisa ambacho tungetaka kila mteja akikumbuke, kwa sababu kinaonyesha jinsi lawama inavyoweza kumwangukia asiyehusika. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, dunia ilipigwa na dhoruba kubwa ya jua, ya daraja la tano kwenye kipimo ambacho mwisho wake ni tano. Ya mwisho ya daraja hilo ilikuwa Oktoba 2003. Huko Marekani wakulima wanaoendesha trekta kwa kuongozwa na GPS walilazimika kusimamisha upanzi katikati ya msimu, maana mashine zilikuwa zinapotoka mistari. Habari zikaenea kila mahali. Jumapili tarehe 12, intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na majirani. Ungemlaumu nani? Jua lilikuwa limetajwa kwenye redio siku mbili mfululizo!

Lakini jua halikuhusika. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwanga unaobeba intaneti ndani ya nyaya hizo haupiti angani, upo sakafuni mwa bahari. Hapa Kenya, waliohisi zaidi ni watumiaji wa huduma ambazo kompyuta zake ziko ng'ambo. Mtu anayetuma pesa kwa kubonyeza nyota na hashi kwenye simu ya mulika mwizi, ujumbe wake hauna haja ya kuvuka bahari. Ndiyo maana tunawaambia wateja kila mara: programu ya simu ikigoma, jaribu njia ya kubonyeza kabla hujasema mfumo umekufa.

Na kama ni kutafuta adui wa mtandao kutoka juu, watu wa Kisii na Nyamira wanamjua tayari, na hatoki kwenye jua. Ni radi. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilima hivi, na alasiri mawingu yanasimama kama ukuta juu ya Manga. Nyanda za Kisii, pamoja na Kakamega, zinajulikana Kenya nzima kwa radi, kama Kericho jirani yetu inavyojulikana kwa mvua ya mawe. Mpigo mmoja wa radi hupasha hewa joto hadi kiasi cha nyuzi 30,000, mara tano ya joto la uso wa jua. Ukipiga waya wa stima, mnara unabaki kwenye betri, na betri zikiisha au zikiwa zimeibwa, kijiji kizima kinasema "network imepotea". Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 haikuhitaji hata radi; stima ilipotea karibu nchi nzima. Tunadhani pesa inayotumika kuogopa jua ingefanya kazi nzuri zaidi kwenye betri, jenereta na vikinga radi vya minara ya vilima hivi. Hilo tunawaambia wenye minara, na tunajiambia sisi pia tunaowalipa.

Basi pesa hupotea wapi? Tumekaa kwenye kazi hii tunajua.

Hupotea mtu anapotuma mara mbili. Mgonjwa anatolewa Nyamira kupelekwa Kisii, dereva anataka 3,000 ya mafuta kabla hajaondoka, meseji hairudi, unabonyeza tena. Mtandao ukirudi zote mbili zinaingia, na sasa umebaki kumwomba mtu usiyemjua akurudishie 3,000. Hatumlaumu mtu kwa haraka ya namna hiyo, nani angetulia? Ila kuangalia salio huchukua muda mfupi kuliko kutuma upya. Salio likiwa limepungua, ile ya kwanza imetoka. Likiwa halijapungua, tuma.

Hupotea pia kwa wakala. Mteja anaonyesha meseji, anasema "si unaona imeingia", foleni ni ndefu, wakala anahesabu noti. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Wakala anayeangalia floti yake kabla ya kutoa pesa hamtusi mteja, anafanya kazi. Vivyo hivyo kwa mama anayeuza ndizi Daraja Mbili na nambari yake ya tili: mkungu usipandishwe kwenye pikipiki kwa sababu ya kioo cha simu ya mtu mwingine.

Na hupotea kwa simu inayopigwa wakati wa wasiwasi. Kila habari kubwa ina tapeli wake. Leo atasema akaunti yako imefungwa, kesho atasema mfumo umepigwa na dhoruba ya jua, tunahamisha salio za wateja, nitajie PIN tukuhifadhie. Atazungumza kwa heshima, atakuita mzee au mama, atajua jina lako kamili. Kata simu. Hakuna mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako kwa jambo lolote, jua liwe limelipuka au limelala. Ukimsikia jirani akijibu simu ya namna hiyo kwa sauti kubwa kwenye matatu, mguse bega.

Sasa tugeuze kidole kituelekee sisi wenye kampuni. Kuna maneno ambayo yanafaa kustaafu: "hitilafu za kimitambo". Hayamwambii mtu chochote. Huduma ikikwama, mteja ana haki ya kujua ilianza saa ngapi, ni huduma gani imeguswa na gani inafanya kazi, na miamala iliyokwama katikati itaishia wapi. Sababu ikijulikana itajwe kwa jina lake: faiba imekatwa na wachimba barabara, stima imepotea, kompyuta yetu imelemewa. Siku kampuni yoyote ya malipo, yetu ikiwemo, itakaposema "ni jua", mteja aombe ushahidi, na habari njema ni kwamba ushahidi upo. Jua hupimwa saa zote mchana na usiku. Kituo cha serikali ya Marekani kilicho Boulder hutoa vipimo hadharani, na hapa Afrika kuna kituo cha SANSA kule Hermanus, Afrika Kusini. Kenya yenyewe si mgeni wa mambo haya. Setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi tangu 1967, moja yao ikapewa jina la Uhuru kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Vipokezi vya GPS vya Malindi na Nairobi hutumiwa na watafiti kupima ayonosfia juu yetu. Kwa hivyo mtu akilisingizia jua, inaweza kuangaliwa kama siku hiyo lilikuwa na kosa.

Wengine watatuuliza: kama ni salama hivyo, mbona msitushauri tuweke kila senti kwenye simu? Hatusemi hivyo. Nauli ya kufika hospitali na ya chakula cha siku mbili ibaki kwa noti nyumbani. Hiyo ni kwa ajili ya siku mnara wa kijiji umelala, na siku hizo hutokea, hasa mvua ikikolea. Zilizobaki ni salama zaidi kwenye daftari kuliko chini ya godoro, na kuzitoa zote kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp ni kumwekea mwizi meza.

Tunaandika haya kabla ya Oktoba kwa sababu. Huo ndio mwezi ambao bonasi ya chai kwa kawaida huwafikia wakulima wa Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama na Ogembo, na ndani ya siku chache pesa nyingi hutoka benki kuja kwenye simu, kisha kwa fundi, kwa karo, kwa duka la mbolea. Wote wanatuma kwa wakati mmoja, na foleni hiyo peke yake inaweza kuchelewesha meseji hata mbingu zikiwa shwari. Mvua za alasiri huwa hazijaenda mbali. Tuma asubuhi kama unaweza. Radi ikianza, chomoa chaja kabla hujashika simu. Meseji ikichelewa, angalia salio, kisha mpigie uliyemtumia. Kama salio limepungua na mwenzako hajapata kitu, tuandikie nambari uliyoitumia, kiasi, na saa uliyobonyeza. Hayo matatu yanatutosha kuanza kutafuta.